Simu Janja za Awali: Mwerevu ni Nani, Chombo au Mwenye Chombo?

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangaliishi kuliona soko la simu, yamkini wangaliongeza kuwa kiko pia kizuri kisichojiuza, kwa kuwa hakuna aliyejifunza kukitumia. Tangu simu janja zilipoanza kuonekana mikononi mwa wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Kenya, ubishi kuhusu simu ipi ni bora umekuwa ukiamuliwa aghalabu kwa vigezo viwili: jina lililoandikwa mgongoni mwa simu na bei iliyolipwa dukani. Mwenye simu ghali huiweka juu ya meza ili wote waione. Mwenye simu ya bei nafuu huiacha mfukoni, na inapolia hutoka nje kuipokea.

Makala haya yanashikilia kuwa vigezo hivyo ni duni. Historia ya simu janja za awali, hasa zile zilizotoka kati ya mwaka 2007 na 2011, inaonyesha kuwa utendakazi wa simu hutegemea mambo matatu yanayokwenda sambamba: maunzi, yaani sehemu zinazoshikika, programu zinazoyaendesha maunzi hayo, na maarifa ya mwenye simu. Kati ya matatu hayo, la tatu ndilo lililopuuzwa zaidi. Nalo ndilo linalowahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili moja kwa moja, kwa sababu maarifa hayasafiri bila lugha.

Tarakimu Zisizoamua

Mwaka 2007 ulitoa simu mbili zinazofaa kulinganishwa. Nokia N95 iliingia sokoni mwezi Machi, na iPhone ya kwanza ya kampuni ya Apple ikaanza kuuzwa nchini Marekani tarehe 29 Juni. Anayelinganisha kwa tarakimu pekee ataipa N95 ushindi bila kusita. Kamera yake ilikuwa ya megapikseli 5, ilhali ya iPhone ilikuwa ya megapikseli 2. N95 ilitumia mtandao wa kizazi cha tatu. iPhone ilibakia kwenye EDGE, ambao ni wa polepole zaidi. N95 ilikuwa na GPS ya kumwonyesha mtu mahali alipo, na pia nafasi ya kutia kadi ya kumbukumbu. iPhone haikuwa na lolote kati ya hayo. Isitoshe, mwenye N95 aliweza kusakinisha programu zilizotungwa na watu wengine tangu siku ya kwanza. Mwenye iPhone alisubiri hadi Julai 2008, duka rasmi la programu lilipofunguliwa, na hadi Juni 2009 ndipo alipopewa uwezo wa kunakili maneno mahali pamoja na kuyabandika pengine.

Hata hivyo, iPhone ndiyo iliyobadilisha umbo la simu duniani. Sababu mojawapo ni bayana: skrini yake iliguswa kwa kidole, na programu zake zilitungwa kwa ajili ya skrini hiyo tangu mwanzo. Sababu ya pili haikuonekana kwa macho. iPhone ilikuwa na megabaiti 128 za kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilhali N95 ilikuwa na 64. Kumbukumbu hii si ile ya kuhifadhia picha na nyimbo. Hii ni mithili ya dawati ambalo juu yake programu hutandazwa zinapotumika. N95 ilikuwa na vipaji vingi juu ya dawati dogo. Mtumiaji aliyefungua ramani, kisha kivinjari, kisha kamera, aliweza kukuta programu ya kwanza imekwisha kufungwa bila yeye kuamuru.

Mfano wa tatu unatoka mwaka uliofuata. HTC Dream, iliyouzwa Marekani kuanzia Oktoba 2008 kwa jina la T-Mobile G1, ndiyo simu ya kwanza ya mfumo wa Android kuuzwa kwa umma. Ilikuwa na megabaiti 192 za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na prosesa yenye uwezo wa kwenda kwa kasi ya megahezi 528. Lakini uwezo ni jambo moja na matumizi ni jambo jingine. Prosesa hiyo iliwekewa kikomo cha megahezi 384, kwa kuwa kasi hula betri. Mnunuzi aliyesoma 528 katika maelezo ya simu yake alikuwa akitumia 384 bila kujua.

Kwa hivyo tarakimu ziandikwazo kwenye boksi si uongo, ila si ukweli kamili. Na wapo wauzaji ambao hata ukweli nusu hawakuujali. Soko la Kenya lilijaa simu bandia zilizoiga majina na maumbo ya simu mashuhuri, hadi Tume ya Mawasiliano ya Kenya ikaamuru zizimwe kwenye mitandao kuanzia tarehe 30 Septemba 2012. Walioumia zaidi ni wale waliolinganisha simu kwa jina la mgongoni.

Kuongeza Bila Kununua

Jambo linalostaajabisha kuhusu simu hizo za awali ni kwamba baadhi yake ziliongezeka nguvu baada ya kununuliwa, pasi na kubadilishwa hata msumari mmoja. N95 ndiyo ushahidi wa kwanza. Mwishoni mwa mwaka 2007 Nokia ilitoa toleo la 20 la programu msingi ya simu hiyo. Kabla ya hapo, programu iliyofunguliwa ilipakiwa yote kwenye kumbukumbu, ikatumiwa au isitumiwe. Toleo jipya lilileta utaratibu wa kupakia tu zile sehemu zinazohitajika kwa wakati huo. Ni sawa na mwanafunzi aliyezoea kubeba vitabu vyote vya rafuni hadi kwenye dawati lake, kisha akajifunza kuchukua kitabu kimoja na kukifungua ukurasa anaouhitaji. Dawati halikuongezwa upana hata inchi moja, lakini nafasi ilipatikana. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu: megabaiti chache zilizookolewa ziliifanya simu iliyokuwa ikikwama iende vizuri.

Ushahidi wa pili ni Android 2.2, iliyotolewa mwezi Mei 2010. Wanafunzi wa tafsiri na ukalimani wataufahamu haraka kuliko wengi. Programu za Android wakati huo ziliandikwa kwa lugha ya kati, ambayo prosesa haiielewi. Palihitajika mkalimani wa kuitafsiri amri kwa amri programu inapoendelea. Mkalimani huyo alikuwa na udhaifu mmoja: amri ileile ikirudiwa mara elfu, aliitafsiri mara elfu. Toleo la 2.2 lilimfunza kutambua amri zinazorudiwarudiwa, kuzitafsiri mara moja na kuiweka tafsiri hiyo tayari kwa matumizi ya baadaye. Google ilitangaza kuwa programu zenye mahesabu mengi zingekwenda kwa kasi ya mara 2 hadi 5 zaidi ya awali. Fauka ya hayo, toleo hilo lilimruhusu mtumiaji kuhamishia baadhi ya programu kwenye kadi ya kumbukumbu, hivyo kuipunguzia mzigo hifadhi ya ndani.

Mambo hayo yalifika Kenya kupitia simu ndogo ya Huawei iliyoitwa IDEOS. Wakati ulikuwa mwafaka. Serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa simu za mkono mwaka 2009, na mwaka huohuo nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa. Mwaka 2011 IDEOS ilipatikana madukani kwa takriban shilingi 8,000. Skrini yake ilikuwa ya inchi 2.8. Prosesa yake ilikuwa ya megahezi 528, kumbukumbu ya kufanyia kazi megabaiti 256, na mfumo wake ulikuwa uleule wa Android 2.2. Msomaji alinganishe na G1. Katika muda usiozidi miaka mitatu, kilichokuwa fahari ya Marekani kilikuwa kimepitwa na simu ambayo mwanafunzi wa Kenya aliweza kuinunua kwa akiba yake mwenyewe.

Hata hivyo IDEOS ilijipatia sifa mbaya ya kuwa simu nzito. Sifa hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, kwani hifadhi yake ya ndani ilijaa upesi, na simu iliyojaa hulemewa. Lakini aliyejua la kufanya aliweza kuifanya iende. Alihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu programu zilizokubali kuhamishwa. Aliondoa picha za ukutani zinazocheza, ambazo huila prosesa na betri bila faida. Alipunguza vile visanduku vya habari na hali ya hewa vinavyokaa kwenye skrini ya mwanzo na kujihuisha kila mara. Alizima ulinganishaji wa kila dakika wa barua na kalenda, akauacha ufanyike anapoutaka. Na badala ya kivinjari kilichokuja na simu, alitumia Opera Mini, ambayo hupitisha kurasa kwenye mitambo yake na kuzipunguza ukubwa kabla ya kuzifikisha kwenye simu, jambo lililookoa muda na gharama ya intaneti. Hatua hizo tano hazikuhitaji fundi, wala hazikugharimu hata shilingi moja.

Marekebisho Yenye Madhara

Haimaanishi kuwa kila rekebisho lina manufaa. Pupa ya kuiharakisha simu iliwaponza wengi, na kosa lililoenea zaidi lilitokana na mazoea. Katika simu za Symbian, kama vile N95, ilikuwa busara kuifunga kila programu baada ya kuitumia, maana iliyoachwa wazi iliendelea kushikilia nafasi kwenye kumbukumbu. Waliohamia Android walikuja na mazoea hayohayo. Wakapakua programu za kuua programu nyingine, wakawa wakiua kutwa kucha. Hawakujua kuwa Android hupanga kumbukumbu yake yenyewe: huiacha programu iliyotumika karibuni ikisubiri ili ifunguke haraka ikihitajika tena, na huiondoa yenyewe nafasi inapohitajika. Baadhi ya programu zilizouawa zilijifufua papo hapo, na kazi hiyo ya kufa na kufufuka ikala betri kuliko zingaliachwa zilipo. Mwanaisimu ataliona hapa jambo analolifahamu: ni athari ya lugha ya kwanza katika kujifunza lugha ya pili. Sarufi ya mfumo mmoja ilihamishiwa katika mfumo mwingine, ikazaa makosa.

Kosa jingine lilikuwa kuilazimisha prosesa ipite kasi iliyowekewa kiwandani. Katika G1, kuitoa prosesa kwenye megahezi 384 na kuifikisha 528 kulikuwa na msingi, kwa kuwa prosesa yenyewe iliundwa kuimudu kasi hiyo. Kuivusha mpaka wake ni jambo jingine kabisa. Joto huongezeka, betri huisha kabla ya adhuhuri, na simu huweza kuzimika katikati ya mazungumzo. Haraka haraka haina baraka.

Rekebisho kubwa kuliko yote lilikuwa kupata mamlaka kamili juu ya mfumo wa simu, mamlaka ambayo watengenezaji hujiwekea wenyewe. Kisa cha G1 kina funzo. Mwezi Novemba 2008 iligunduliwa kuwa kila neno lililoandikwa kwa kibodi ya simu hiyo lilipelekwa pia, kwa siri, kwenye sehemu ya mfumo inayopokea amri za msimamizi mkuu. Aliyeandika neno la Kiingereza reboot na kubonyeza kitufe cha kuingiza aliiona simu ikijizima na kujiwasha upya, hata kama alikuwa akimwandikia rafiki ujumbe. Google iliiziba kasoro hiyo upesi. Lakini kabla haijazibwa, watumiaji walikuwa wamekwisha kuupitia mlango huo na kuzimiliki simu zao kikamilifu. Mwaka 2009 Steve Kondik alianzisha CyanogenMod, mfumo mbadala uliotokana na Android, ambao ulizipa simu nyingi maisha ya pili baada ya watengenezaji kuacha kuzihudumia. Mnamo Septemba mwaka huohuo Google ilimwandikia akome kusambaza pamoja na mfumo huo programu ambazo ni mali yake. Programu hizo ziliondolewa, na mradi ukaendelea hadi Desemba 2016 ulipofungwa na kurithiwa na LineageOS. Nchini Marekani suala la haki lilipata jibu la kisheria Julai 2010, pale Maktaba ya Bunge ilipotangaza kuwa kuifungua simu ili isakinishe programu halali si kosa chini ya sheria ya kulinda hakimiliki za kidijitali.

Halali si lazima iwe salama. Anayebadilisha mfumo huweza kupoteza dhamana ya dukani. Umeme ukikatika au faili ikikosewa katikati ya kazi, simu huweza kubaki gamba tupu lisilowaka. Na mamlaka kamili yakiingia mikononi mwa programu ovu, siri zote za mwenye simu huwa wazi. Kwa hiyo panahitajika mpaka. Marekebisho yanayofanywa ndani ya mipangilio ya simu, na ambayo yaweza kurudishwa nyuma, ni haki na wajibu wa kila mtumiaji. Yale yanayovunja kufuli za mfumo ni ya mtu aliyehifadhi nakala ya kila kitu chake, anayejua anachokifanya, na aliye tayari kuipoteza simu hiyo.

Neno Moja, Hasara Mbili

Hapa ndipo lugha inapoingia. Katika mipangilio ya Android kuna vitufe viwili vinavyokaribiana. Kimoja hufuta nakala za muda ambazo programu imejiwekea ili ifanye kazi haraka. Kufuta hizi hakumpotezei mtu kitu, na katika simu yenye hifadhi ndogo ni njia nzuri ya kupata nafasi. Kitufe cha pili hufuta data ya programu yenyewe: mipangilio, akaunti na yale yote mtumiaji aliyoyaweka humo. Baadhi ya tafsiri za Kiswahili huziita nakala zile za muda akiba. Mswahili amefunzwa tangu utotoni kuwa akiba haiozi. Akikuta kitufe kinachomtaka afute akiba, atashtuka na kukiepuka. Neno data, ambalo kwake ni geni lisilo na hisia, halitamshtua. Atakibonyeza kitufe hicho, na maandishi ya mradi wake wa utafiti aliyoyaweka katika programu ya kuandikia yatatoweka.

Huo si upungufu wa Kiswahili. Ni upungufu wa watu waliotafsiri neno pasi na kufikiria mtu atakayelisoma akiwa na simu iliyokwama mkononi. Nakala za muda ni maneno mawili ambayo kila mtu anayaelewa, na yangalitosha. Lakini nani wa kulisema hilo? Wahandisi hawakusomea semantiki. Wenye semantiki nao wamekuwa wakisema kuwa simu si shamba lao.

Watakuwapo watakaopinga. Watauliza: kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili si fasihi, isimu na ualimu? Ufundi wa simu wamwachie fundi wa mtaani, ambaye hula kwa jasho la kazi hiyo. Pingamizi hili lina uzito, ila linasahau kuwa kozi zilezile za isimujamii hufundisha sajili ya teknolojia, na mitaala ya shule hufundisha utungaji wa kiuamilifu, ambamo maagizo na maelekezo yana nafasi yake. Kila mwaka wanafunzi huandika namna ya kupika chai na namna ya kufika kwa mwalimu mkuu. Kwa nini wasiandike namna ya kuipunguzia mzigo simu ya megabaiti 256? Fundi wa mtaani hatakufa njaa. Vioo vitaendelea kuvunjika na betri zitaendelea kufura. Atakachokosa ni malipo ya kumfanyia mtu lile ambalo angelifanya mwenyewe kama angelielezwa kwa lugha anayoielewa.

Wengine watasema kuwa simu hizo zimepitwa na wakati, na kwamba kuzijadili ni kufukua makaburi. Ni kweli kuwa kuna kikomo ambacho hakuna rekebisho linaloweza kukivuka. Tarehe 1 Februari 2020 WhatsApp iliacha kuzihudumia simu zilizobakia kwenye Android 2.3.7 na matoleo ya kabla yake. Hata IDEOS iliyotunzwa kama mboni ya jicho ingelazimika kuupa mkono wa buriani ulingo huo. Pia mfumo usiopata tena viraka vya usalama haufai kukabidhiwa pesa za mtu. Lakini tabia iliyozaliwa na simu zile ingali hai. Mwanafunzi bado huambiwa kuwa simu yake imechoka, anunue nyingine, ilhali kilichochoka ni hifadhi iliyojaa. Usiache mbachao kwa msala upitao, walinena wahenga. Na anayeacha mbacha wake kabla ya kuukung'uta amepata hasara maradufu.

Kwamba Kiswahili kinaweza kuibeba kazi hii si jambo la kubahatisha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kitovu cha mradi uliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. M-Pesa, iliyozinduliwa nchini Kenya Machi 2007, ina menyu ya Kiswahili, na maneno tuma pesa na toa pesa yanaeleweka hata na mkulima ambaye hajawahi kusoma kitabu cha maelekezo. Siri ya maneno hayo ni kwamba yalichaguliwa kwa kuzingatia tendo analotaka kulitenda mtu. Hayakubuniwa ili kuonyesha umahiri wa mbunaji. Ndivyo ilivyopaswa kuwa katika ubishi mrefu wa rununu, simutamba na simu ya mkono. Ubishi huo ulikipa chombo majina matatu, na haukumwambia mwenye chombo hata njia moja ya kukitumia vyema. Jina simu janja nalo limependwa upesi, ingawa ujanja ni sifa inayohitaji mwenyewe. Simu iliyo mikononi mwa asiyeielewa ina ujanja gani?

Tangu tarehe 27 Agosti 2010, Katiba ya Kenya imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hautakuwa na maana kwa mwananchi iwapo kila chombo anachokimiliki kinamwamrisha kwa lugha nyingine, au kwa Kiswahili kinachompotosha. Vyama vya Kiswahili vyuoni havihitaji kusubiri wizara wala mfadhili. Vinao wanachama wenye simu, wahadhiri wenye ujuzi wa istilahi, na majarida ya kuchapisha. Kila chama kingeweza kutenga ukurasa mmoja katika kila toleo, kikaeleza jambo moja tu: jinsi ya kuhifadhi nakala, jinsi ya kutofautisha vitufe viwili vya kufuta, jinsi ya kujua programu ipi inakula betri. Kisha maelezo hayo yajaribiwe kwa mtu asiyekuwa mwanachuo, mathalani mama anayeuza mboga langoni mwa chuo. Akifaulu kuyafuata bila kuuliza, yachapishwe. Akikwama, kosa litafutwe kwenye maandishi, wala si kwake.

Simu za mwaka 2007 hadi 2011 zilikuwa na kumbukumbu finyu, na ufinyu huo ulimlazimu mtu kuielewa simu yake. Simu zilizofuata zimekuwa na dawati pana kiasi cha kumfanya mwenyewe asahau kuwa lipo, hadi siku litakapojaa. Siku hiyo hatauliza simu ilinunuliwa pesa ngapi. Atauliza abonyeze wapi. Anastahili kujibiwa kwa Kiswahili, na jibu hilo liwe sahihi.